Ngoma ya baba inalipa kiti: kupeleka muziki, densi na hadithi za watu mbalimbali kwa watoto wa shule Nairobi

Siku moja nilikuwa napanda matatu pale Muthurwa kuelekea Kayole, niko na ngoma tatu za isukuti nimezifunga kwa leso, kondakta akanitazama akasema ile kubwa ni mtu mzima, inalipa kiti. Sikubisha, juu hakuwa amekosea sana: Waisukha na Waidakho wa upande wa Kakamega wenyewe huziita hizo ngoma baba, mama na mtoto, sasa baba akikaa dirishani kuna ubaya gani. Mama alikaa chini kati ya miguu yangu, mtoto nikampakata.

Tangu hapo nimesaidia kupeleka wasanii kwa shule kadhaa hapa Nairobi, za serikali, za kibinafsi, na zile ndogo za mitaani zenye madarasa ya mabati. Na kila mara nasikia ile kauli, ati si mnaleta tu wachezaji, wanacheza, watoto wanafurahi, mnaenda? Ingekuwa hivyo ningeandika mistari miwili nilale. Hii kitu ina mafundo mengi, na wengi wetu tumejifunza kuyafungua baada ya kujikwaa.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo wazazi na hata walimu huvichanganya. Kuna tamasha, kuna safari, na kuna kualika. Tamasha ni lile la muziki ambalo limekuwako tangu 1927 na lile la drama lililoanza 1959, pale mtoto mwenyewe ndiye anaimba ama anaigiza, amefundishwa wiki na wiki, anapewa alama na waamuzi, akipita anaenda kaunti ndogo, kaunti, kanda, halafu taifa, na washindi wanaishia kumtumbuiza rais. Ni kitu kizuri sana na mimi ni zao lake. Lakini piga hesabu, chukua shule ya watoto 900, kwaya inabeba kama 40, wale 860 waliobaki wanasikia mazoezi kupitia dirishani wakiandika hesabu. Na tena kwa tamasha unatafuta alama, kwa hivyo wimbo wa Kitaita ukifika kwa watoto wa mtaa wa Umoja hapa Nairobi unafundishwa vile utampendeza mwamuzi, si vile mama wa Wundanyi angeufundisha akiwa jikoni kwake.

Safari ni kama ile ya Bomas of Kenya pale Lang'ata, iliyoanzishwa na serikali 1971, maboma ya jamii tofauti na ukumbi wa densi, nani aliyesoma Nairobi hajawahi kusikia habari zake. Shida ya safari ni basi. Basi la shule, mafuta, kiingilio, soda, na kuna wale watoto ambao pesa yao haikuja, hao wanabaki shuleni na mwalimu wa zamu, na kesho yake wanaandika insha kuhusu safari ambayo hawakwenda. Nimeona hio insha. Mtoto aliandika kuhusu simba.

Kualika ndio hii ninayoongelea, msanii anakuja kwa mtoto, na kila mtoto aliye shuleni siku hio anaona. Hakuna alama, hakuna basi. Na tangu mtaala wa umilisi uanze kusambazwa 2019 walimu wenyewe wanaitafuta, maanake sanaa bunifu iko ndani ya masomo lakini vifaa haviko ndani ya stoo. Mzazi wa Nairobi anajua vile hii inaishia: ujumbe unaingia Jumapili saa tatu usiku, kesho mtoto aje na ala ya muziki ya kienyeji, mama anagonga milango ploti nzima akitafuta kayamba, mwishowe mtoto anaenda na chupa ya soda imetiwa mchele. Sasa huyo mtoto akikutana na kayamba yenyewe, akaona ni matete yamefumwa kama kijaluba bapa na mbegu zinatembea ndani zikivuma kama mvua ya mabati, ndio anajua ile chupa ilikuwa inajaribu kusema nini.

Sawa, sasa kosa kubwa. Mimi naliita gwaride la makabila.

Nilikuwa kwa shule moja Eastlands, sitaitaja, vikundi vinane kwa masaa mawili, kila kikundi na kabila lake na maleba yake, na mshereheshaji ana maikrofoni anapiga kelele, sasa tunawaletea Wamaasai! Wamaasai wako wapi, tusikie makofi! Sasa Waluhya! Waluhya pigeni kelele! Uwanja unatetemeka, walimu wanacheka, mambo moto. Mbele yangu kulikuwa na msichana wa gredi 4, baba yake wa kwingine mama wa kwingine, na kila kabila likitajwa anamwangalia rafiki yake kwanza ndio ajue kama apige kelele ama anyamaze. Pembeni kulikuwa na kijana Mnubi kutoka Kibera, babu za babu zake waliletwa kama askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, na familia yake imekuwa Nairobi kushinda karibu kila mtu aliyekuwa uwanjani, na kwa masaa mawili hakuna aliyemtaja. Alikuwa anachora mchanga na kijiti.

Yule mshereheshaji nilikuwa mimi.

Nia ilikuwa nzuri. Baada ya vurugu za 2007 na 2008 nchi ilishtuka, mwaka huo wa 2008 sheria ya utangamano ikapita, ikaunda NCIC, tume ya kuunganisha makabila, na kila mtu akataka watoto waone kwamba makabila yote ni mazuri. Lakini tazama tulichofanya: mtoto aliingia uwanjani akiwa wa gredi 4 Blue, akatoka akiwa amepangwa kwa foleni ya kabila. Na Nairobi hesabu haiishi. Wahindi wa Kenya walitangazwa kabila la 44 mwaka 2017, Wamakonde walikuwa wameshatambuliwa, Eastleigh kuna Wasomali na Waoromo, kuna Wahabeshi, Wakongo, Wasudani Kusini, na kuna watoto ambao ukiwauliza kabila wanakuambia sisi ni wa Dandora Phase 4. Ukianza kuita majina kuna mmoja utamruka, na huyo uliyemruka umemfundisha kitu pia.

Kilichonisaidia kutoka hapo ni kupanga kwa kitu, si kwa kabila. Chukua kitu kimoja, nyuzi, mabega, fimbo, sungura, halafu uliza ni nani na nani wanakitumia.

Mfano wangu ninaoupenda ni nyuzi. Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane. Litungu ya Wabukusu ni ya ukoo huo huo. Obokano ya Abagusii ni jitu, sauti yake nzito inatoka chini kama mtu anayeongea akiwa kisimani. Halafu ukipata Mhabeshi mwenye krar, na Nairobi hutakosa, weka zote nne kwa meza moja mbele ya darasa unyamaze. Usiseme chochote. Watoto wenyewe wataanza: mwalimu hii iko na mikono miwili kama ile, hii pia iko na mti umelala juu, hii pia iko na ngozi. Mmoja wa gredi 5 aliniambia hizi ni za mama mmoja. Hajui, lakini amegusa jambo ambalo wasomi wa muziki wanaliongelea sana, kwamba ukoo huu wa ala uko kote kutoka Ethiopia na Sudan hadi Uganda na magharibi mwa Kenya, yaani ukifuata maji ya Nile na ziwa unakutana nazo njiani. Hapo mtoto Mjaluo na mtoto Mkisii na mtoto Mhabeshi wamejikuta upande mmoja wa meza bila mtu kuwahubiria amani.

Mabega ni hivyo hivyo. Kamabeka ya Wabukusu inachezwa mabegani, na eskista ya Ethiopia pia inachezwa mabegani, mtetemeko tofauti kabisa, moja inazungusha na kurusha, nyingine inakatakata. Weka wachezaji wawili waonyeshane, kisha uambie watoto wajaribu yote mawili, darasa zima litakuwa linacheka hadi mwalimu wa hesabu wa jirani atakuja kuangalia, na akija atajaribu pia. Fimbo: kuna dandiya, ile ya vijiti ambayo Wagujarati wanacheza wakati wa Navratri, sherehe ya Wahindu, na watu wa Parklands wanaijua vizuri, na kuna kirumbizi ya Lamu ambapo wanaume wanachezeana bakora kwa mdundo wa ngoma na zumari. Bahari moja inazitenganisha ama inaziunganisha, mimi sijui niseme vipi, lakini mtoto akishika vijiti viwili haulizi.

Na hapa ndipo kuna jambo ambalo walimu wengi hulipita mbio: vitu vingi tunavyoviita vya asili vimetembea. Mwomboko, ile densi ya wazee wa Mlima Kenya ambayo sai inaonekana ya zamani kama mti wa mugumo, ilishika kasi miaka ya 1940 na ala yake kubwa ni kodiani, kodiani ya Ulaya, ikisaidiwa na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa. Hatua zake zimeazima kutoka densi za wazungu, zikapindwa magoti zikawa zetu. Beni ya pwani jina lake lenyewe ni bendi, watu waliona bendi za kijeshi wakasema hata sisi tunaweza, na wakaongeza mashindano na matusi ya mafumbo juu. Taarab usinianzishe, udi wa Waarabu, mahadhi ya filamu za Kihindi, na Kiswahili kimekaa katikati kama bwana harusi. Mtoto akijua haya, akikua hatadanganywa kirahisi na mtu wa kumwambia kuna damu safi na utamaduni safi. Kuna mzee mmoja mpigaji wa pwani aliulizwa na mtoto, babu hii ngoma ni ya kabila gani? Akaigeuza akaikagua akasema ngozi ni ya ng'ombe, lakini sikumuuliza kabila lake.

Haya, tushuke kwa mambo ya chini, ukubwa wa umati. Shule ikikulipa inataka watoto wote waone kwa mpigo mmoja, asembli, uwanjani, jua la saa tano. Na tangu 2023 junia seko, yaani gredi 7 hadi 9, zimewekwa ndani ya shule za msingi, kwa hivyo uwanja huo huo una mtoto wa PP1 wa miaka minne anayetaka kulala na kijana wa gredi 9 mwenye sauti imevunjika anayetaka kuonekana hajali. Hakuna shoo duniani inayowatosha hao wawili. Nimejaribu.

Tena kuna ala za uwanja na ala za chumba. Isukuti ni ya uwanja, inapigwa watu wakitembea, na ile pembe ya swala ikilia hata mwenye duka nje ya geti anatoka kuangalia. Nyatiti si hivyo. Mpigaji anakaa kwa kigoda kidogo, ala iko chini karibu na ardhi, kidole kikubwa cha mguu kimevaa pete ya chuma inayoitwa oduong'o inayogonga ukingo wa ala, na mguuni kuna gara, njuga zinazojibu kila akigonga. Yaani huyo mtu mmoja ni nyuzi, ngoma, njuga na mwimbaji kwa wakati mmoja, na uzuri wote uko pale chini mguuni. Sasa weka watoto 600 mbele yake. Safu mbili za kwanza wanaona mtu ameketi, wengine wanaona migongo. Tulimpeleka mpigaji mmoja hivyo, spika ikaanza kuvuma, maikrofoni ikashika sauti yake ikaacha mguu, na nyuma watoto wakaanza kurushiana vifuniko vya chupa. Baadaye mwalimu mmoja wa kike akasema hebu njooni na darasa langu tu, watoto 40, tukavuta madawati nyuma tukakaa chini. Mpigaji alipogonga ile pete mara ya kwanza kila mtoto aliinama kutazama kidole. Nyimbo tatu, dakika 35, kipindi kimoja cha gredi za juu, na nakuambia hakuna aliyeomba ruhusa ya choo.

Kwa hivyo siku hizi tunasema hivi: kitu kimoja cha uwanjani kwa wote, kifupi, cha kelele, halafu wasanii wanagawanyika wanaingia madarasani. Wadogo wapewe nusu saa isizidi, na iwe ya kuitikia na kuruka. Gredi 4 hadi 6 ndio asali, hao watauliza mpaka utachoka. Junia seko usiwachezee, wafanyishe kazi, waambie wavute nyuzi wakaze ngozi wahesabu mapigo, aibu yao inaisha wakishika kitu.

Lugha sasa. Watoto wengi wa hapa wanaongea Kiswahili na Sheng, na lugha ya nyanya wanaisikia kwa simu tu. Kuna wasanii wanaokuja na kutafsiri kila mstari na mchezo unakufa, na kuna wanaoimba tu bila maelezo na watoto wanabaki kutazama kama televisheni ya jirani. Njia ya katikati ni kiitikio. Fundisha kiitikio kwa lugha yake, maneno manne matano, waambie kinasema nini, halafu simulia kingine chote kwa Kiswahili. Mtoto wa Kisomali aliyeitikia kwa Kibukusu mara ishirini hatasahau hayo maneno, na ukimleta mama wa kwao aonyeshe buraanbur, yale mashairi ya wanawake wa Kisomali yenye ngoma na makofi, sasa zamu ya Mbukusu kuitikia.

Hadithi ndio rahisi kuliko zote na ndio hupuuzwa kuliko zote, labda juu msimuliaji hana manyoya kichwani na hatokei vizuri kwa picha. Lakini angalia vile ilivyojengwa. Paukwa! Pakawa! Huwezi kuanza peke yako, hadhira ikikaa kimya hakuna hadithi. Wakikuyu fanani anasema ugai itha na watu wanajibu itha. Wajaluo mwishoni kuna thu tinda, na msimuliaji anajiombea akue arefuke kama mti wa kwa mjomba wake, na zamani watoto walikuwa wanasikiliza hizo hadithi usiku kwa nyumba ya bibi mzee, siwindhe, ambayo kwa kweli ilikuwa shule yenye mwalimu mmoja na moto. Hata yule mnyama mdogo mjanja anayewashinda wakubwa, Waswahili wanamwita sungura, Wajaluo wanamwita apuoyo, ujanja wake ni ule ule. Waambie watoto walete toleo la nyumbani kesho yake. Hapo umewalazimisha wazazi kupiga simu ushago, na hio peke yake ni kazi ambayo pesa haiwezi kununua.

Na ukitaka hadithi na densi zishikane mikono, mchukue Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 Waingereza walitaka vijana wa Wagiriama wakafanye kazi na watu walipe kodi, na huyu mama mjane akazunguka vijiji akicheza kifudu, densi iliyokuwa ya matanga, watu wakimfuata, na akiisha kucheza anaongea. Inasimuliwa kwamba alileta kuku na vifaranga mbele ya ofisa mzungu akamwambia haya, chukua kifaranga kimoja, na yule kuku akamdonoa. Walimkamata wakampeleka mbali Kisii, na 1914 akatoroka akarudi nyumbani kwa miguu. Sasa mtoto akicheza kifudu baada ya kusikia hivyo, miguu yake inajua kwa nini inakanyaga. Bila hadithi ni mazoezi ya viungo tu na sketi ya majani.

Lakini subiri, nimesema matanga, na hapo kuna fundo lingine. Ngoma nyingi zina mahali pake. Nyingine ni za jando, nyingine za harusi usiku wanawake peke yao, nyingine za kuita mvua ama kutibu. Kilumi ya Wakamba kwa mfano ina upande wa mizimu na uponyaji, huwezi kuichukua ukaiweka kati ya asembli na chai ukasema ni burudani. Chakacha ya harusi ni viuno, na msanii mwenye akili anajua mdundo anaweza kuwafundisha watoto na viuno akaviacha Mombasa. Isukuti yenyewe inapigwa kwa harusi na kwa matanga pia, na UNESCO iliiweka 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa hivyo kuipeleka shuleni sio kuichezea, lakini muulize mwenyewe wimbo upi unafaa watoto na akikuambia huu hapana, usibembeleze.

Na wazazi wana wasiwasi wao wa dini, Wakristo kwa Waislamu. Zamani nilikuwa nawacheka kimoyomoyo. Siku hizi hapana, juu ukoloni na misheni walifanya kazi miaka mingi kufundisha kwamba ngoma ni ya shetani, serikali ya kikoloni ilipiga marufuku hata densi na wimbo wa Muthirigu 1930 kwa sababu ulikuwa unawasema wamisheni na serikali, sasa huyu mama anayekataa mtoto wake asiguse ngoma hajatunga hio hofu, amerithishwa. Andika barua wiki mbili mbele: nani anakuja, atacheza nini, maneno ya wimbo yanasema nini, na asiyetaka mtoto wake ashiriki aseme. Nilivyoona, wazazi wakisoma maneno ya wimbo na kukuta ni kuhusu ng'ombe aliyepotea, fomu zinarudi zimesainiwa.

Sheria nitaipitia haraka. Tangu 2016 tuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijamii, inayosema hizi nyimbo na densi zina wenyewe, jamii, hata kama hakuna mtu mmoja wa kuitwa mtunzi. Kwa shoo ya darasani sijaona mtu akisumbuliwa, lakini ukirekodi ukaanza kuuza, hapo uliza. Picha za watoto ndizo moto: sheria ya kulinda data ni ya 2019, na 2023 ofisi ya kamishna wa data ilipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Rudia kusoma hio namba halafu uweke simu mfukoni. Ukilazimika kupiga picha, piga ya mikono, ya ngoma, ya miguu ya wachezaji. Na mwalimu wa darasa asitoke hata dakika moja ati amewaachia wageni, mgeni si mwalimu na mwenye watoto ni shule.

Ruhusa nayo ni ya milango miwili kwa geti moja, hii huwachanganya sana wageni. Chekechea iko chini ya kaunti, gredi 1 kwenda juu iko chini ya serikali kuu, kwa hivyo ndani ya ua mmoja unaweza kuwa na PP2 ya kaunti na gredi 2 ya wizara. Anza na mwalimu mkuu, yeye anajua ni nani wa kuandikiwa.

Pesa. Shule ya msingi ya serikali inahesabiwa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, na hizo ndizo vitabu, chaki, stima, marekebisho, sijui nini, kwa hivyo ukija na bajeti ya densi mwalimu mkuu atakutazama kwa huruma. Na sheria ya elimu ya 2013 haimruhusu kuwachangisha wazazi anavyotaka. Tuseme wasanii sita, kila mmoja 4,000, nauli na ngoma zinazolipa kiti 3,000, chakula 2,000, jumla 29,000. Kwa watoto 600 haifiki shilingi 50 kila mmoja, bei ya mandazi tano kwa kibanda cha kwetu. Shule ya kibinafsi inalipa bila jasho. Ya serikali tafuta mfadhili mmoja wa mtaa, ama uunganishe: shule ya pesa ilipe siku nzima, asubuhi kwake, mchana kwa jirani asiyeweza. Hii imetufanyia kazi kuliko kuandika maombi ya ufadhili. Na tafadhali usimwambie msanii ati atapata jina. Huyo mzee wa obokano jina analo, anachotafuta ni nauli ya kurudi, mtumie M-Pesa kabla hajafunga ala yake.

Siku ya kuchagua nayo ina hesabu zake. Muhula wa kwanza walimu wa drama wako mbioni kwenda taifa Aprili, muhula wa pili ni muziki mpaka Agosti, muhula wa tatu ni mitihani, KPSEA ya gredi 6 na KJSEA ya gredi 9, na hakuna mtu anataka kusikia ngoma karibu na chumba cha mtihani. Kinachobaki ni matundu madogo, na sisi tumezoea Ijumaa za Februari na wiki za kwanza za Juni, baada ya chakula cha mchana. Mwambie mpishi siku moja kabla kwamba kuna wageni sita, githeri iongezwe. Wasanii wakila na watoto kwa sahani zile zile, foleni ile ile, maswali yanaanzia hapo hapo, mtoto anamuuliza babu kwa nini umevaa pete kwa mguu, na saa nane ikifika ya shoo nusu ya kazi imeshafanyika.